Siku saba na daftari la wasiopatikana kwingine

Jumamosi. Mbezi hadi Mang'ula

Basi lilikuwa liondoke Mbezi saa kumi na mbili kamili asubuhi. Liliondoka saa moja kasorobo. Sikulalamika, maana nilipata kiti cha dirishani na chupa ya chai ilikuwa imejaa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alishalala kabla hatujafika Kibaha. Anasomea wanyama chuo kikuu, shahada ya pili, na kazi yake mwaka huu ni vyura. Ndiye aliyenitia kwenye safari hii. "Mjomba, tangu ustaafu kazi yako ni kukagua risiti za Luku tu. Twende nikuonyeshe viumbe ambao ukivuka mto mmoja huwaoni tena mpaka unaingia kaburini."

Uhasibu nimeufanya miaka 31, na mazoea yana taabu. Nikanunua daftari la jalada gumu, nikachora safu tatu: jina la mnyama, kwao ni wapi, na hapo kwao pana ukubwa gani. Safu ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi usiku wa kuamkia safari. Nyumba yangu najua ina mita ngapi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mnyama ambaye dunia yake yote unaweza kuipima kwa futikamba.

Tulipokatiza Hifadhi ya Mikumi abiria wote walihamia upande mmoja kutazama tembo wanne, basi likaegemea kama mlevi. Mpwa alifungua jicho moja, akalifumba. "Hao wapo mpaka Botswana, mjomba."

Mikumi mjini tukaiacha barabara kuu, tukashika ya kusini. Baada ya Kidatu na mto Ruaha Mkuu ni miwa tu, miwa, halafu upande wa kulia unasimama ukuta. Mlima wa Udzungwa hauanzi polepole kwa vilima vya kubembeleza. Shamba linaisha, mlima unaanza. Chini kabisa ni kama mita 250 juu ya usawa wa bahari, na kilele kirefu, Luhombero, kinapita mita 2,500. Mawingu yalikuwa yamekaa juu yake na hayakuwa na haraka ya kuondoka.

Usiku, kwenye wali na maharage, nikapewa somo. Milima hii ni mwisho wa mnyororo unaoanzia Taita, Kenya, ukapita Pare, Usambara, Uluguru, mpaka hapa. Wanauita Tao la Mashariki. Zamani sana, hali ya hewa ilipobadilika na misitu ya bara kukauka, upepo wa Bahari ya Hindi uliendelea kuleta mvua kwenye milima hii. Msitu ukabaki juu, nyika ikajaa chini. Kiumbe aliyezoea ubaridi na unyevu hawezi kushuka akavuka nyika kwenda mlima wa jirani. Akabaki alipo, yeye na wajukuu zake, kwa mamilioni ya miaka, mpaka akawa si yule wa mlima wa pili tena. "Ni visiwa," alisema. "Ila bahari yake ni nyasi."

Jumapili. Sanje

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Magoti bado yamelala, usiyasumbue."

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na ndani huwezi kuzunguka kwa gari. Unakwenda kwa miguu au unakaa getini. Tulipewa mwongozaji, kijana wa hapahapa Mang'ula, na askari mwenye bunduki kwa ajili ya tembo na nyati. Wote wawili waliniamkia, kisha wakanitazama viatu. Nilielewa.

Njia ya maporomoko ya Sanje inapanda kama ngazi ya ghorofa isiyo na mlango wa kutokea. Nusu saa tu shati lilikuwa limelowa. Hapo ndipo vikaanza kudondoka vijiti vya majani kichwani mwangu. Juu yetu mbega wekundu, labda 20, walikuwa mezani. Dume mmoja alikaa chini kuliko wenzake, nikamtazama vizuri kwa darubini ya mpwa: mwili wa rangi ya moshi, na kichwani kama amevikwa kofia ya rangi ya kutu iliyobana. Alikuwa anavuta tawi kwa vidole vinne, kwa maana mbega kidole gumba hana, ana kijinundu tu. Anakula jani changa, kikonyo anakitupa. Kikonyo kinaniangukia mimi. Huyu ni mbega mwekundu wa Udzungwa, na ukitoka kwenye milima hii na vipande vichache vya msitu katika bonde la Kilombero, humpati. Nikaandika jina la kwanza.

Maporomoko yenyewe yana mita 170, yameshuka kwa hatua tatu. Ukifika juu unaliona bonde lote: miwa, mpunga, reli ya TAZARA kama uzi ulioachwa na fundi cherehani. Wenzangu walioga kwenye kidimbwi. Mimi niliosha uso na kusifia mandhari.

Tulikuwa tunashuka pale sauti ilipotoka bondeni. Kwanza mwito mmoja mrefu, "huuup," halafu kimya, mtu angeweza kuhesabu mpaka tatu, kisha mlio wa kukwaruza kama wa bata mzinga aliyekasirika. Kijana alisimama, akainua kidole. "Ngolaga."

Kisa cha ngolaga nilikisikia tukiwa tumekaa kwenye gogo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu huu wakausikia mlio huo huo. Wakashangaa, kwa sababu jamii ya nyani wenye kulia hivyo, mangabey, haikuwa inajulikana kuwapo upande huu wa Tanzania. Mwenyeji aliyekuwa nao hakushangaa. Akawatajia jina: ngolaga. Kisha hapo kijijini Sanje wakaonyeshwa mtoto wa mnyama huyo aliyekuwa anafugwa na watu. Ndivyo sayansi ilivyompata mangabey wa Sanje: amefungwa kamba uani kwa mtu.

"Sasa hapo nani kamgundua?" askari aliuliza. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

Jumatatu. Ngolaga na siafu

Kuna kundi la ngolaga ambalo watafiti wamelifuata miaka mingi mpaka likazoea watu. Kuwapata si kazi ya dakika kumi hata hivyo. Tuliwatafuta kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, mara korongoni, mara juu ya korongo, mara korongoni tena. Katikati ya hapo nilisimama mahali pasipostahili kufunga kamba ya kiatu. Wanaojua siafu hawahitaji maelezo. Wasiojua, itoshe kusema kwamba mzee wa miaka 62 alivua suruali mbele ya mpwa wake, mwongozaji na askari wa hifadhi, na hakuna aliyecheka mpaka nilipoivaa tena. Kisha walicheka kwa zamu.

Halafu kijana akainua mkono, na msitu wote mbele yetu ukawa unatembea.

Nilidhani nitawatazama juu, kumbe ngolaga muda mwingi yuko chini. Jike mmoja alikuwa hatua kama 12 kutoka nilipochuchumaa. Rangi ya kijivu, tumbo lina wekundu wa mbali kama chai ya maziwa, uso umepauka kama amejipaka unga kidogo. Aliketi, akavuta majani makavu kwa kiganja, akayasambaza kwa kiganja kingine, akatazama, akavuta tena. Mama yangu huchambua mchele kwenye ungo namna hiyohiyo, kwa macho yaleyale yasiyotazama kingine. Akaokota mbegu, akainusa, akaitia shavuni. Ya pili shavuni. Ya tatu akaiweka magegoni, akakaza taya, nikasikia "ta!" kama mtu anayevunja karanga ya ganda gumu. Watoto wawili walikuwa nyuma yake wakivutana mikia. Mmoja aliniona, akasahau mkia wa mwenzake, akanikodolea. Tukatazamana mpaka mama yake akasonga mbele.

Wanakaa katika misitu miwili tu duniani, huu wa Mwanihana ndani ya hifadhi, na wa Uzungwa Scarp, mbali huko kusini-magharibi, ambako mitego ya wawindaji imewasumbua sana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliwaweka kama 3,000 na ushei. Nikaandika, nikapiga mstari chini ya tarakimu. Tawi moja la benki mjini lina wateja zaidi ya hao.

Jioni mazungumzo yakahamia kwa wale ambao sitawaona. Kuna sange wa uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo na miguu myembamba, mwenye uzito wa kama gramu 700, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Kamera ya mtego iliyowekwa msituni na mtafiti Francesco Rovero ilimpiga picha mwaka 2005, akapewa jina rasmi mwaka 2008. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 300, misitu miwili basi. Kamera hizohizo ndizo zilizotoa picha ya kwanza ya minde akiwa porini, mwaka 2003. Minde si panya, ni paa mzito wa kilo zaidi ya 50, na Tanzania peke yake ndiyo inaye. Mnyama wa ukubwa wa mbuzi, na watu wanaoishi chini ya mlima huu huu wanaweza kufikia uzee bila kukutana naye.

Kisha mpishi wa kambi, mama mmoja mwenye maneno machache, akaleta sufuria, na mpwa akaomba ruhusa atoe hadithi ya sufuria nyingine. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye misitu ya juu ya Udzungwa. Usiku mmoja chakula kikiisha, mmoja wao akaona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambayo haikufanana na ya kwale yeyote anayemjua. Mchuzi ulikuwa umeshaliwa. Wakatafuta ndege mwingine mzima, na mwaka 1994 dunia ikatangaziwa kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wanaishi Asia, si Afrika.

Mama mpishi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo aliyempika alikuwa anamjua."

Nilipenda jibu lile kuliko hadithi yenyewe. Na si la kwale tu. Kipunji, nyani wa nywele ndefu wa Rungwe, alikuwa anatajwa na wawindaji wa Kinyakyusa, watafiti wakadhani ni mnyama wa kwenye hadithi, mpaka walipomwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata kundi jingine likaonekana Ndundulu, humuhumu Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Alipochunguzwa ilibidi aundiwe jenasi yake peke yake, yaani ukoo wake mwenyewe katika vitabu vya sayansi, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu mwaka 1923. Kwenda Ndundulu unapitia upande wa Iringa, kijiji cha Udekwa, kisha unatembea na mizigo siku nzima na zaidi. Mpwa alinitazama magoti. Nikasema tupitishe ajenda inayofuata.

Jumanne. Magombera

Siku ya vumbi. Bodaboda ya kwanza ilipasuka tairi, ya pili ilikuwa na dereva anayeongea na simu kuliko na barabara. Nisingeiandika siku hii kama si kinyonga.

Magombera ni kipande cha msitu wa bondeni, upande wa mashariki wa reli na mashamba ya miwa. Kwa macho ya mtu anayepita ni miti tu iliyosahauliwa. Andrew Marshall, mtafiti kutoka Uingereza, alikuwa anafanya kazi yake ya kuchunguza nyani hapo alipomgutusha nyoka mwembamba wa mtini. Nyoka kwa hofu akatema mlo wake, akakimbia. Mlo ulikuwa kinyonga mwenye kipembe kidogo puani, ambaye hakuna kitabu kilichokuwa kinamjua. Mwaka 2009 alipewa jina rasmi: Kinyongia magomberae. Soma tena neno la kwanza. Wanasayansi walipounda jenasi hiyo ya vinyonga mwaka 2006, walichukua neno letu wakaongeza herufi moja. Nimetumia lugha hii maisha yangu yote na sikujua kwamba kuna wataalamu Ulaya wanaoandika "kinyonga" kama Kilatini.

Tulimtafuta kwa tochi baada ya jua kuzama. Kinyonga usiku hulala ncha ya tawi na hupauka, ukimmulika anang'aa kama karatasi. Tulimpata mmoja, mkia umejikunja kama kipini, jicho moja likafunguka nusu. Kijana wa kijijini aliyetusindikiza alirudi hatua tatu nyuma na kugoma kusogea, bibi yake alimfundisha kwamba kinyonga si wa kuchezewa. Mpwa akamkagua pua kwa muda mrefu. "Si yeye," alisema. "Huyu ni wa kawaida." Nikafuta nilichokuwa nimeshaanza kuandika.

Jumatano. Ifakara

Tulifika Ifakara saa tano, tukaweka mizigo, tukaenda mtoni. Daraja la Kilombero ni refu na zuri, na chini yake mitumbwi inaendelea kupita. Mvuvi mmoja alitupeleka kwenye matete.

Mnana wa Kilombero alitambuliwa rasmi mwaka 1990. Ni ndege wa manjano, dume ana weusi usoni kama barakoa, anasuka kiota kwenye tete lililosimama majini, na hana habari na miti. Dunia yake ni tambarare ya mafuriko ya mto huu. Nilimtazama mmoja akileta utepe wa jani ulio mrefu kuliko yeye. Anaupitisha kwenye tundu, anauvuta kwa mdomo upande wa pili, anaurudisha, anakaza. Akakosea, utepe ukaanguka majini. Akauangalia ukielea, kisha akaenda kukata mwingine.

Mvuvi alisema zamani matete yalifika mbali zaidi, sasa mpunga umesogea, na ng'ombe nao wanataka kunywa. Alisema bila kulaumu mtu. Yeye mwenyewe ana shamba la mpunga. Mchele wake tuliununua, kilo kumi, na nimeubeba mpaka mwisho wa safari kama adhabu.

Alhamisi. Njia ya Mlimba

Noah ya viti saba ilibeba watu 11, kuku, na mchele wangu. Upande wa kulia mlima, upande wa kushoto bonde, katikati vumbi. Tulishuka karibu na Chita tukiwa wote rangi moja.

Nilipooga, mpwa alikaa nami kibarazani akanieleza habari ya kesho, kwa sababu alisema pale kwenye maporomoko hatutasikilizana.

Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi, mto unaoshuka kutoka milima hii hii, umeshaanza kujengwa, wataalamu walikuwa wanachunguza mazingira ya korongo. Chini ya maporomoko, pale maji yanapopiga mwamba na kugeuka manyunyu, walikuta vyura wadogo wa manjano, maelfu. Kwa miaka yote mto ulikuwa umewapulizia ukungu usiku na mchana, upepo wake na ubaridi wake, na wao hawakuwa na haja ya kuishi mahali pengine. Eneo lote waliloishi ni kama hekta 2.

Hapo nilimkatisha. "Hekta mbili? Mjomba wako shamba la Kibaha lina hekta mbili na nusu."

"Ndiyo. Halafu hebu fikiri mtu anafunga bomba."

Mwaka 2000 mto ulielekezwa kwenye handaki kwenda kwenye mitambo, ikabaki kama sehemu moja ya kumi ya maji. Manyunyu yakaisha. Mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni wakafungiwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda mambo yakaenda vizuri, hesabu ya katikati ya mwaka 2003 ilifika kama 20,000. Kisha katika kipindi kifupi sana wakaanguka. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikuwa umeingia. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena.

Umeme wa Kihansi ni megawati 180. Miaka yote hiyo nilikuwa Dar es Salaam nikilalamikia mgao. Mtu akiniuliza mwaka 2000 nichague taa au chura, najua ningejibu nini, na nadhani hata leo ningejibu hivyohivyo kwanza, kabla sijafikiri. Nililiandika hilo kwenye daftari, nje ya safu.

Ijumaa. Korongoni

Kibali kilikuwa cha mpwa na timu yao. Mimi niliandikwa mbeba vifaa, na kweli nilibeba. Kabla ya kuingia tulisugua viatu kwa brashi, soli mpaka mishono, kisha tukavitumbukiza kwenye dawa. Msimamizi alivikagua kimoja kimoja. Changu akakirudisha. "Mzee, hapa kwenye kisigino kuna udongo wa kwingine." Udongo wa Magombera, bila shaka, au wa Ifakara. Nikasugua tena.

Tukapanda ndani ya korongo kwa njia nyembamba, tukafika palipowekwa mbao za kukanyagia. Maporomoko bado yapo, yamekonda. Ninachokumbuka zaidi ni sauti ya pili, ndogo, ya juu, kama watu wengi wanaonong'ona: mabomba. Yamepita kwenye mteremko yakirusha ukungu juu ya kangaga na majani laini yanayofunika mawe. Maji huteremka yenyewe kutoka juu, hayahitaji pampu. Dakika mbili tu miwani yangu haikufaa kitu.

Vyura 100 walirudi nchini kutoka Marekani mwaka 2010, wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa hapa, kwa awamu. Kazi ya akina mpwa ni kutafuta nani yupo. Wanakwenda kwa magoti, mraba kwa mraba, wakiinua jani kwa jani. Saa nzima ilipita kimya. Ya pili nayo. Nilianza kuhesabu mabomba kwa kukosa la kufanya.

"Mjomba. Njoo polepole. Usikanyage pembeni."

Alikuwa juu ya jani la kangaga, usawa wa goti. Kama ningekuwa peke yangu ningemchukulia kuwa kipande cha ganda la mbegu. Mkubwa wao hafikii sentimita 3, na huyu alikuwa na upana wa ukucha wa kidole gumba changu. Manjano ya haradali, mstari wa kahawia ubavuni, na kila tone la ukungu lililomtua lilikaa juu yake kama kioo. Alikuwa jike. Mpwa akamulika kwa kurunzi ndogo kutoka chini ya jani, ngozi ya tumbo ikapitisha mwanga, na ndani yake nikaona vitone vyeusi, vimejipanga. Chura huyu hatagi mayai majini wala hana viluwiluwi wa kuogelea. Anazaa watoto waliokamilika, kila mmoja milimita 5 hivi, vidole na yote. Nilikuwa natazama watoto.

Sikuthubutu kupumua kwa nguvu. Chura akasogeza mguu mmoja, akabadilisha mawazo, akaurudisha. Mpwa alikuwa anaandika kwa penseli kwenye karatasi isiyoloa: saa, joto, namba ya mraba. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo, nami nikajifanya sijaona.

Ukungu upande wetu ukaanza kupungua. Nilitazama juu nikadhani ni jua. Mfanyakazi mmoja wa mabomba, mtu wa makamo aliyevaa koti la mvua, alikuwa ameshaliona. Alikuja akipita juu ya mbao bila haraka, akapiga magoti, akatoa mfukoni spoku ya baiskeli iliyokunjwa ncha. Akaiingiza kwenye tundu la bomba la kwanza, akazungusha, akatoa uchafu kama nywele moja ya majani. Maji hayakutoka. Akaenda la pili. Akalifuata bomba kwa macho, nyuma, nyuma, mpaka kwenye viatu vyangu.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema. "Samahani. Umekanyaga maji."